Hukusafiri, Mwalimu

Mwalimu,

Nilirudi kutoka kukuzika nikakuta umesafiri.

Ndivyo watoto walivyoambiwa. Tulikuzika Jumamosi, kwenu Murang'a, kwenye mvua ile isiyojua kukoma. Dada yako Tabitha alirudi Nairobi jioni hiyo hiyo, maana Jumatatu nasari ilikuwa ifunguliwe baada ya wiki nzima ya matanga. Mimi nilibaki kuosha sufuria na kukunja turubai pamoja na shemeji zako. Jumatatu nikaja moja kwa moja hadi nasari hapa Tassia, matope ya kwenu bado yamenishika viatuni, na kabla sijafungua mlango vizuri Kevo akanirukia: "Ticha Nafula, Mwalimu amesafiri! Tukikuwa na adabu atarudi!"

Nilimtazama Tabitha. Akanitazama kwa yale macho yenu ya kifamilia, ya kusema nyamaza kwanza. Wazazi walikuwa wamekubaliana naye kwa simu, karibu wote. Watoto ni wadogo, wasitishwe. Nikavua viatu, nikavitupa stoo nyuma ya ndoo za rangi, nikaingia darasani na soksi. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa yanawaka.

Bado niko nayo, nikuambie mapema. Kama ulitarajia barua ya machozi, umekosa. Machozi nilimalizia kwenu. Hii ni barua ya mtu aliyegombana na familia yako, na nataka usikie upande wangu kabla hujasikia wao.

Wewe unajua kwa nini nilikasirika. Ziko nasari nyingi huku kwetu ambapo ukimwambia mtoto mwalimu wako amesafiri, anasema sawa, anarudi kwenye daftari lake la a, e, i, o, u. Si kwetu. Kwetu wewe ulikuwa umeshawaharibu, kwa maneno ya Tabitha. Uliwazoesha kwamba jambo likisemwa kwenye mkeka, lazima lifanywe kwa mikono. Unasoma kitabu cha picha, ukurasa kwa ukurasa, umefunika maneno kwa kipande cha boksi ili waseme wenyewe wanachokiona. Halafu unakifunga, unakiweka mapajani: "Haya, kitabu kimelala. Mikono je?" Na wao mikono juu, kelele hadi yule mama wa ghorofa ya kwanza anatugongea kwa ufagio: "Imeamka!"

Kisha kazi inaanza. Kitabu cha soko, tulipanga nyanya mafungu mafungu juu ya gunia, na kila mmoja akataka kuwa mama mboga, hakuna aliyekubali kuwa mteja. Kitabu cha fundi wa nguo, wakashona vifungo kwa sindano kubwa za magunia, na ulikataa kata kata nisiwanyang'anye zile sindano. Kitabu cha nyungunyungu, wakajaza udongo kwenye chupa mbili: mweusi wa hapa Tassia tuliouchota kando ya mtaro, na mwekundu ulioubeba kutoka Murang'a kwenye mfuko mmoja na avokado. Chupa zile bado ziko dirishani. Watoto wanasema ni udongo wa kwetu na udongo wa kwa Mwalimu.

Na yule kuku. Wueh! Ulisoma kitabu cha kuku aliyepotea, kesho yake ukaja na kuku mzima kutoka kwako Buruburu, ndani ya kikapu, kwa sababu ati picha haina manyoya. Akatoroka. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, watoto nyuma yake, mimi nyuma ya watoto, nikiomba Mungu asiruke. Jioni Baba Kevo alikuja, mkono kiunoni, akakuuliza kama mtoto wake analetwa hapa kusoma au kufukuza kuku. Hukupandisha sauti. Ulimwuliza tu, "Kuku ana vidole vingapi kwa mguu mmoja?" Baba Kevo akakohoa. Kevo akajibu akiwa amejificha nyuma ya suruali ya babake: vinne, vitatu mbele na kimoja nyuma, na hicho cha nyuma ndicho cha kujishikilia. Baba Kevo hakuleta tena maneno ya kuku.

Sasa watoto wa namna hiyo, unawaambia mtu amesafiri? Walianza kazi kesho yake.

Kwanza walijenga basi, kama tulivyofanya kwenye kitabu cha nyanya anayeenda kuona wajukuu. Walipanga viti viwili viwili, na cha kwako wakakiweka mbele karibu na dereva, kwa sababu miguu yako huvimba ukikaa nyuma. Wakakufungia mzigo: leso yako ya kukalia, ile miwani ya akiba uliyoifunga kwa uzi, krayoni ambazo hazijavunjika. Walitafuta kwa bidii zile ambazo hazijavunjika, na unajua vile ni ngumu kuzipata kwetu. Kevo akaniambia nikupelekee, ili huko uliko usikose.

Nilijiambia watachoka. Hawakuchoka, wakakupigia simu. Unakumbuka zile simu za maboksi ya viberiti? Kila asubuhi mmoja anapiga, wengine wanakaa kimya kabisa wakisubiri. Kisha anaishusha simu na kutangaza kwa ile sauti ya mwanamke wa mtandao, "Mteja hapatikani kwa sasa." Darasa zima linaitikia, "Jaribu tena baadaye." Na baadaye kweli wanajaribu. Nikawa naenda chooni kulia. Najua nimesema machozi nilimalizia kwenu. Basi hayo yalikuwa mabaki. Siku moja nilitoka nikamkuta Tabitha kwenye korido, anapangusa macho kwa upindo wa blauzi, na bado hakuacha uongo wake. Akanipita akaenda kuangalia uji.

Halafu ikaja ile habari ya chapati.

Ijumaa ya chapati hatukuiacha. Ningeiachaje, na watoto wanaamka saa kumi na mbili siku hiyo bila kuitwa? Ilianza na kile kitabu ulichokitoa Gikomba kwenye rundo la mitumba, hakina hata jalada, cha mama na mtoto wanaokanda unga mpaka paka naye anakuwa mweupe. Ulikusudia wakande siku moja tu. Wakakataa, ikawa kila Ijumaa. Kila mtoto anasukuma yake, mimi nachoma, na wewe unapita katikati yao ukiomba nusu ya ile yenye sura mbaya kuliko zote. "Nipe hiyo yenye masikio." Na yenye masikio kila Ijumaa ilikuwa ya Atieno, yule wa ghorofa ya tatu anayeongea chini chini mpaka uiname ndio umsikie. Siku moja ulitangaza mbele ya wote kwamba hujawahi kula chapati tamu hivyo yenye sura mbaya hivyo. Atieno alicheka mpaka akapaliwa, tukampiga mgongo.

Ulipo"safiri", Atieno aliendelea kukata yake katikati. Nusu anakula, nusu anaifunga kwa karatasi na kuiweka chini kabisa ya begi lake. Sisi hatukuona. Aliyeona ni mamake, siku begi liliponuka. Alikuja asubuhi na mfuko, akamwaga zile nusu kwenye meza ya Tabitha. Nyingine zimeota ukungu wa kijani, nyingine zimekauka kabisa. Mama Atieno hakuja kugombana, Mwalimu, alikuja amechoka tu. Alisema alipotaka kuzitupa mtoto alipiga nduru, akazikumbatia na kusema, "Si zako! Ni za Mwalimu, akirudi."

Nikamwambia Tabitha hapo hapo kwamba sasa inatosha. Mama Atieno alipotoka tukaanza. Unajua zile kuta, ploti nzima ilisikia, ghorofa zote. Akasema mtoto hajui kifo. Nikamwambia ndiyo maana afundishwe, si hapa ni shule? Akasema wazazi wataondoa watoto, na wa kwanza akiondoka mimi nitamfuata na mkoba wangu. Nikasema sawa. Akasema, "Hii nasari ni ya dada yangu." Nikamjibu, "Dada yako amekufa."

Nililisema kwa nguvu. Tangu turudi hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo ndani ya nyumba ile, hata kwa kunong'ona. Tabitha alikaa chini kwenye kale kakiti ka mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Baadaye akasema polepole kwamba siku ya kuwaambia ikifika atawaambia yeye mwenyewe, na si leo, na mimi nisithubutu. Nilimwonea huruma, sitakudanganya. Lakini kumwonea mtu huruma si kukubaliana naye.

Basi Kevo akaenda stoo kutafuta brashi ya rangi, akarudi na viatu vyangu.

Vilikuwa vile vile nilivyovitupa, matope yamekauka mpaka kwenye kamba. Alienda nacho kimoja dirishani, akakiweka kando ya chupa ya udongo wako, akainama kulinganisha. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akasugua kwenye kiganja jinsi ulivyowafundisha, akanusa. Ndipo akawaita wenzake. "Si hii ni ya kwa Mwalimu?" Wote wakakwangua, wote wakanusa, wote wakakubali. Kisha wakanigeukia. Kevo akauliza, "Ticha, kumbe ulienda kwake. Ulimpata?"

Niambie wewe ungejibu nini. Nilikupata, ndiyo. Nilikupata umevalishwa ile suti ya bluu ambayo hukuipenda, na nywele wamezilaza upande usio wako, na sikuweza kusema kitu kwa sababu kulikuwa na foleni ya watu nyuma yangu. Tabitha alikuwa amesimama mlangoni ananikazia macho. Nikawaambia watoto waoshe mikono, uji unapoa.

Kesho yake nikasoma kitabu cha nyumba. Ulikuwa umekichagua wewe. Ulikufa Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya mazishi, ukiwa sebuleni kwako unakata maboksi ya kujengea nyumba zake, na jirani alikukuta mkasi bado uko mkononi. Maboksi uliyoyakata nilikuja nayo. Yale uliyoyaacha nusu nilikata mwenyewe, vibaya, madirisha yamepinda. Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga. Kitabu kimelala, mikono je? Darasa likapasuka kwa kelele kama kawaida, isipokuwa mtoto mmoja. Atieno alikuwa ameikalia mikono yake. Ameiingiza chini ya mapaja, viganja sakafuni, na anatazama mbele.

Niliinama, nikaweka sikio langu karibu na mdomo wake. Akasema, "Ni mimi nilimwaga rangi."

Rangi gani? Ilinichukua muda kukumbuka. Ile nyekundu, Alhamisi kabla ya kifo chako, kikombe kilipinduka mkekani na wewe ukasema tu "lete kitambaa" na ukaendelea na mambo yako. Lakini ona vile mtoto alivyohesabu. Wameambiwa wakiwa na adabu Mwalimu atarudi. Mwalimu hajarudi. Basi kuna mtu hana adabu, na yeye anamjua, na mikono yenyewe ndiyo hii. Kwa hivyo akaikalia isifanye tena.

Mwalimu, hapo ndipo nilipoacha kuomba ruhusa. Naweza kuvumilia kudanganywa mimi. Naweza hata kuvumilia hiyo simu ya kiberiti. Lakini mtoto wa miaka minne ameketi juu ya mikono yake kwa sababu watu wazima wanaogopa neno moja? Hapana. Haki ya nani, hapana.

Jioni nilipanda ngazi hadi kwa Mama Atieno nikamweleza. Aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akasema, "Mwambie. Na mimi nitakuja nikae hapo." Asubuhi nikaenda kwa Tabitha kabla hajavua koti. Nilimwambia, "Leo nasoma kitabu cha dada yako. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini nikishamaliza." Akauliza kitabu gani. Nikamwonyesha.

Ilikuwa programu ya mazishi yako. Unajua vile watu wetu huichapisha, karatasi ya kung'aa, picha za rangi kutoka mtoto mchanga mpaka uzee. Watu wanaipepea wakati wa hotuba ndefu, wanaenda nayo nyumbani, inawekwa juu ya kabati na hakuna anayeigusa tena. Yangu ilikuwa bado kwenye mkoba. Nilikuwa nimeifungua mara nyingi, na siku moja tu ndio nikaona kitu kilichokuwa mbele yangu wakati wote: jamani, hiki si ni kitabu cha picha?

Maneno ndiyo yalinisumbua. Niliyajaribu nikiwa peke yangu jikoni. Amelala: hapana, kwetu kinacholala kinaamka, wewe ndiye uliyewafundisha. Ametutoka: wangefungua mlango waangalie. Mungu amemwita: Kevo angetaka kujua kwa nini hukukataa, na angemkasirikia Mungu bure. Mimi naamini mbingu kama wewe, na nitawaambia habari zake, lakini kwanza wajue kaburi.

Nikakaa mkekani. Nikafunika maneno kwa kipande cha boksi. Ukurasa wa kwanza, mnaona nini? Mtoto mnene hana nywele. "Ni Kevo!" Nikasema ni Mwalimu, na wakacheka mpaka Mama Atieno pale mlangoni akacheka pia. Ukurasa wa pili, msichana wa shule hana viatu. Wa tatu, harusi, na wakataka kujua ile keki nani aliimaliza. Kisha ile picha yako darasani kwetu, umemshika kuku kifuani, na wao wako nyuma yako. Kila mtu akajitafuta. Kila mtu akaweka kidole juu ya uso wake. Walikawia hapo sana na mimi sikuwaharakisha.

Ukurasa wa mwisho hauna mtu. Ni msalaba na maua tu. Nikauliza mnaona nini. Wakatazama. Kevo akasema, "Mwalimu hayuko."

Nikasema, "Ndiyo. Mwalimu alikufa. Moyo wake uliugua, ukasimama. Mtu akifa mwili wake haufanyi kazi tena. Hasikii njaa, hasikii baridi, hawezi kushika simu. Tulimzika kwao, kwenye ule udongo mwekundu. Hakusafiri. Hatarudi."

Sauti yangu haikutetemeka, ujue hivyo. Miguu ndiyo ilitetemeka, lakini nilikuwa nimeikalia.

Waliuliza. Hata Krismasi? Hata Krismasi. Nani anamfunika usiku? Udongo unamfunika. Alilia? Sijui, nafikiri hakulia. Mmoja akaanza kulia na wengine wakamfuata, na mimi nikawaacha walie, sikumwambia mtu nyamaza. Kevo hakulia. Alichukua simu yake ya kiberiti mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Nikamvuta Atieno mapajani. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ya kufika kwa Tabitha kule ofisini: rangi haiui mtu. Mwalimu aliiona rangi, akasema lete kitambaa, ikaisha. Watoto wote wangekuwa na adabu mwaka mzima, bado angekufa, kwa sababu ni moyo uliougua. Atieno akaniuliza sikioni kama ulikuwa umemkasirikia. Nikamwambia, "Hata kidogo. Mwalimu alikufa akiipenda chapati yako." Bado mikono yake ilikuwa imebanwa katikati ya magoti.

Nikafunga kitabu. Na hapo, Mwalimu, nikakwama, kwa sababu wewe ndiye mwenye kupanga kazi na mimi sikuwa nimepanga chochote. Nikasema tu, kwa mazoea, "Haya, kitabu kimelala. Mikono je?" Hakuna aliyepiga kelele. Kevo aliinuka, akaenda stoo, akarudi na viatu vyangu, vyote viwili, na beseni.

Waliyakwangua yale matope mpaka viatu vikabaki safi kuliko siku nilipovinunua. Yalikuwa machache, wakaongeza udongo wa ile chupa yako, wakamimina maji, wakakanda. Kevo alianza kufinyanga basi. Akatengeneza magurudumu, akasimama, akalitazama, akalibomoa. Akafinyanga kuku, na vidole vinne kwa kila mguu. Mwingine akafanya miwani yako na uzi wake. Atieno alikaa mapajani mwangu akiangalia kwa muda mrefu, kisha nikahisi mikono inatoka. Akashuka. Akachukua donge, akalipiga piga, akalisukuma kwa chupa ile tupu. Ikatoka yenye masikio.

Tabitha aliingia tukiwa katikati ya matope. Nikajiambia, haya, mkoba wangu uko wapi. Alisimama hapo akiangalia ile picha ya kuku mkekani. Kisha akakusanya sketi yake, akaketi chini na akaomba donge.

Usifikiri mambo yameisha. Mzazi mmoja aliondoa mtoto wake, akasema tunafundisha watoto uchawi. Baba Kevo, huyo huyo wa kuku, alikuja kunishika mkono, akaenda zake. Na Tabitha hajanifukuza, lakini ameleta rundo la madaftari na anasema muhula ujao watoto wakae kwenye viti na waandike kama watoto wa shule nyingine, wazazi wanataka kuona alama za kalamu nyekundu. Nimemwambia wataandika. Watakapofika ukurasa wa kuandika "kuku" nitaleta kuku. Alifunga mlango kwa kishindo. Tutagombana tena, najua, na nimejiandaa.

Sasa nikuambie ya Ijumaa, halafu nikuache upumzike.

Walikanda, wakasukuma, nikachoma. Nilimwangalia Atieno kwa jicho la pembeni. Chapati yake ilikuwa mbaya kweli, masikio matatu safari hii. Alikaa nayo mbele yake ikapoa kidogo. Niliona kidole chake kinapita katikati, pale anapokatia kila mara. Kisha akaikunja nzima nzima, akaanza kula. Alikula polepole, huku analia, machozi yanachanganyika na mafuta, na hakuacha hata kidogo. Alipomaliza akageuza begi lake juu chini, akalikung'uta, akanionyesha ndani kwamba hakuna kitu.

Kwa hivyo kwaheri, Mwalimu. Pale kaburini kila aliyeshika kipaza sauti alikutakia safari njema, na mimi sikuitikia, na leo pia siitikii. Hukusafiri. Umekufa, na watoto wako wanajua umekufa, na mikono yao imeamka. Nakuahidi hivi: anayetaka kuilaza, awe ni mzazi, awe ni dada yako, atanikuta mlangoni kwanza, na nitakuwa nimevaa viatu.

Mimi wako,
Nafula